Bilda ipi ya kuanzia? Jaribu kwanza kuiondoa

Swali

Habari mtaalamu. Nimemaliza diploma ya IT mwaka huu na ninaishi Roysambu. Nataka kuanza kuwatengenezea watu tovuti, peke yangu, bila ofisi. Wateja wawili nimeshawapata: mama mwenye saluni Ngara, na mzee anayeuza vipuri vya magari Kirinyaga Road. HTML naijua kidogo, CSS hunichanganya. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Kila video ninayotazama inasifu bilda tofauti ya kurasa (zana ya kujenga ukurasa kwa kuburuta vitu, bila kuandika msimbo): Elementor, Divi, Bricks, Wix, Webflow. Nishike ipi?

Jibu

Shika WordPress, programu ya bure ya kuendeshea tovuti, na ndani yake utumie kihariri chake chenyewe cha bloku (vipande vya ukurasa kama aya, picha au kitufe), kile kinachoitwa Gutenberg, pamoja na themu, yaani sura ya tovuti, moja iliyo nyepesi. Tovuti zote mbili zijenge hivyo. Elementor jifunze baada ya hapo, maana ndiyo bilda inayotumika zaidi kwenye WordPress na utaletewa kazi za kukarabati tovuti zilizojengwa nayo. Divi, Bricks, Wix na Webflow ziweke kando kwa mwaka mmoja. Sasa nikueleze jibu hilo limetoka wapi, kwa sababu mteja wako wa tatu huenda akahitaji jingine, na itabidi upime mwenyewe.

Kuhusu hizo video, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Wengi huweka kiungo chini ya video, na ukinunua kupitia kiungo hicho wanapata kamisheni. Wanayoyasema mara nyingi ni kweli, ila wanaipima bilda kwa siku ya kwanza: wingi wa templeti, vitu vinavyoruka na kuzunguka, kasi ya kuburuta na kudondosha. Wewe ipime kwa siku ya mwisho. Siku leseni itakapokwisha. Siku mteja atakapotaka kuhama. Siku wewe utakapopata ajira na tovuti iangukie mikononi mwa mtu mwingine.

Jaribio la kuondoa

Usiendeshe WordPress ndani ya laptopu yako ya GB 4 huku Chrome ikiwa wazi, itakukwamia. Ingia kwenye cPanel, yaani paneli ya kusimamia hostingi yako, tengeneza domeni ndogo kama majaribio.jinalako.co.ke, weka WordPress hapo, kisha kwenye mipangilio ya usomaji uweke alama kwenye kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe. Kwa kila bilda unayotaka kuipima, jenga ukurasa mmoja wenye vitu vitano: picha kubwa ya juu, huduma tatu zilizopangwa bega kwa bega, orodha ya bei, fomu, na kitufe cha WhatsApp. Ukimaliza, nenda kwenye orodha ya plagini (programu za nyongeza za WordPress), izime bilda hiyo, kisha urudi kuutazama ukurasa.

Utakachokiona kinatofautiana mno. WPBakery, ambayo ni bilda nyingine, na Divi hadi toleo lake la 4, huhifadhi ukurasa kwa shotikodi, yaani amri zilizofungwa ndani ya mabano ya mraba. Ukizima, mgeni anakutana na [vc_row] au [et_pb_section] zimezagaa katikati ya bei za kusuka nywele. Divi 5 imeachana na mfumo huo, lakini tovuti nyingi za Divi utakazoletewa kukarabati zilijengwa zamani. Elementor ina nafuu: maandishi na picha hubaki, ila mpangilio wote unaporomoka na kuwa rundo moja la kwenda chini. Sababu ni kwamba mpangilio umehifadhiwa kando kwenye hifadhidata, mahali ambapo Elementor pekee ndiyo inayojua kuusoma. Bricks ni themu, si plagini, na yaliyomo huyaweka kwenye sehemu yake yenyewe. Ukibadili themu, ukurasa unaweza kutokea mtupu.

Kihariri cha bloku kimekuwa sehemu ya WordPress tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, kwa hiyo hakuna plagini ya kuizima. Huhifadhi HTML ya kawaida pale pale kwenye ukurasa. Ukibadili themu, rangi na fonti zitabadilika, lakini maneno, picha, safu na vitufe vitabaki vinasomeka. Tahadhari moja tu: ukiongeza plagini ya bloku za ziada kama Kadence Blocks kisha uizime, bloku zake hupoteza sura, hata kama maneno yanabaki. Tumia bloku za WordPress zenyewe kila inapowezekana, na za ziada pale tu penye sababu unayoweza kuitaja.

Kwa Wix jaribio hili halifanyiki kabisa, kwa sababu tovuti ya Wix huwezi kuihamishia kwenye seva nyingine. Webflow hukuruhusu kupakua HTML na CSS ukiwa na mpango wa kulipia, ila fomu zake na hifadhidata yake ya maudhui hazifanyi kazi nje. Shopify ni nzuri kwa duka, lakini huduma yake yenyewe ya malipo haipo Kenya, hivyo mteja hutumia ya kampuni nyingine na hukatwa ada ya ziada kwa kila muamala. Mteja anayetaka ukurasa mmoja, ataukarabati mwenyewe, na anaridhia kulipa kila mwezi bila nia ya kuhama, anaweza kutumia Wix vizuri. Mwambie tu ukweli huo kabla hajalipa.

Bure ina mipaka yake

Elementor ya bure hujenga kurasa vizuri. Ukitaka kujenga kichwa na kijachini cha tovuti nzima, templeti ya bidhaa, au kutumia fomu yake, unahitaji Pro, na Pro hulipiwa kila mwaka kwa dola. Kwenye WordPress yenyewe, ukiwa na themu ya bloku kama Twenty Twenty-Five, vichwa, vijachini na templeti unavihariri bila malipo ndani ya kihariri cha tovuti kilichokuja na toleo la 5.9 mnamo Januari 2022. Kilichobaki ni fomu, na plagini za fomu za bure zipo. Contact Form 7 hutuma barua pepe tu na haihifadhi ujumbe kwenye dashibodi, kwa hiyo barua ikipotea, mteja wa saluni kapotea. Chagua inayohifadhi nakala, au uiongezee plagini ya kuhifadhi.

Barua hizo zitapotea kama hutaweka SMTP, yaani kutuma kupitia akaunti halisi ya barua pepe. WordPress isipoelekezwa hutuma barua kwa njia ya seva ambayo Gmail huitilia shaka, na zinaishia kwenye taka. Fungua akaunti kama habari@domeni-ya-mteja.co.ke kwenye cPanel, weka plagini ya SMTP, tumia mlango 465 au 587, kisha uhakikishe SPF na DKIM, rekodi zinazomthibitisha mtumaji, zimekubaliwa kwenye ukurasa wa cPanel unaoshughulikia ufikaji wa barua. Jitumie ujumbe kupitia fomu, kwa Gmail na kwa anwani nyingine, kabla hujakabidhi.

Leseni ya bilda ikiisha, tovuti haizimiki siku hiyo. Kinachokoma hasa ni sasisho, na madhara yake hujitokeza miezi kadhaa baadaye. Machi 2023 tundu la usalama lilifichuliwa kwenye Elementor Pro 3.11.6 na matoleo ya nyuma, kwa tovuti zenye WooCommerce (plagini ya duka), na wavamizi walilitumia ndani ya siku chache. Tiba ilikuwa toleo la 3.11.7. Februari 2024 ikawa zamu ya Bricks, iliyozibwa kwa toleo la 1.9.6.1. Matundu kama hayo hutokea kwa kila programu, hata WordPress yenyewe. Ambaye leseni yake imekufa hukaa na tundu wazi, na wewe ndiwe utakayepigiwa simu. Ndiyo sababu kuu ya kukushauri uanze na zana isiyo na leseni ya kuhuishwa.

Na usiguse plagini za Pro zinazogawiwa bure kwenye vikundi vya Telegram. Nyingi zimepachikwa msimbo wa kufungua mlango wa nyuma, na hata ile iliyo safi haipati sasisho.

Siku utakapohitaji kununua leseni, inunue kwa jina na barua pepe ya mteja, aidha kwa kadi yake au kwa kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Ukiinunua wewe kwa dola kisha umwandikie ankara ya shilingi isiyobadilika kwa miaka mitatu, kila dola inapopanda unalipa tofauti kutoka mfukoni mwako.

Uzito wa ukurasa kwenye simu

Wateja wa mama wa Ngara wataifungua tovuti kwenye simu, ndani ya matatu, kwa bando la data. Kwa hiyo kipimo chako si laptopu. Fungua PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi, weka anwani ya ukurasa, na usome upande wa simu pekee. Malengo ya Google ni haya: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuyumba kwa vitu wakati wa kupakia isizidi 0.1. Pima mara tatu, uchukue ya katikati, kwa sababu matokeo hucheza.

Bilda hukawiza ukurasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni faili zake za CSS na JavaScript, ambazo simu inalazimika kuzipakua na kuzichambua. Ukiongeza pakiti za nyongeza, nazo huja na faili zao. Wanaoanza huweka pakiti tatu kwa sababu moja ina kihesabu kizuri, nyingine kitelezi, ya tatu ikoni. Ruhusu moja, au usiruhusu hata moja. Njia ya pili ni masanduku ndani ya masanduku: sehemu, ndani yake safu, ndani yake sehemu nyingine, ndani yake safu tena, ndipo neno lenyewe lionekane. Fungua konsoli ya kivinjari, andika document.querySelectorAll('*').length, ubonyeze Enter. Ukurasa wa saluni hauna sababu ya kuzidi vipengele 800. Ukiona 1,400 au zaidi, una masanduku yasiyo na kazi, yatoe. Kwenye Elementor tumia kontena za flexbox (njia ya CSS ya kupanga vitu), si sehemu na safu za mtindo wa zamani, kwa sababu kontena moja hufanya kazi iliyokuwa ya masanduku matatu.

Hata hivyo, mara nyingi tatizo si bilda bali picha. Picha ya simu ya kisasa ina upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa megabaiti kadhaa. Kabla ya kuipakia, ipitishe kwenye Squoosh, ambayo ni bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari: punguza upana hadi pikseli 1,600 kwa picha kubwa ya juu na 600 kwa picha ya bidhaa, hifadhi kama WebP kwa ubora wa 75. Picha ya juu ibaki chini ya KB 200, ya bidhaa chini ya 60. Halafu kuna kosa lisiloonekana kirahisi: kuiweka picha ya juu kama usuli wa sehemu kwenye bilda. Usuli huandikwa ndani ya CSS, kwa hiyo kivinjari hakijui kuna picha mpaka kimalize kusoma CSS, na ile sekunde 2.5 inakupita. Tumia bloku ya picha, au bloku ya jalada bila kuifungia picha isisogee. Na kama una plagini inayochelewesha upakiaji wa picha, itoe picha hiyo ya kwanza kwenye orodha yake.

Fonti: familia moja, uzito wa aina mbili, zikiwa kwenye seva yako mwenyewe. Rangi na fonti ziweke mara moja kwenye mitindo ya tovuti nzima, kamwe usizibandike kwenye kichwa kimoja kimoja. Mama akibadili zambarau kuwa kijani, unabadili mahali pamoja. La sivyo utakesha ukizisaka rangi kurasa zote.

Kagua kila ukurasa kwa upana wa pikseli 360. Ukiona ukurasa unasogea kushoto na kulia, kuna kitu ulichokipa upana wa pikseli zisizobadilika. Kipe asilimia au upana wa juu zaidi. Vitufe viwe na urefu wa pikseli 48 ili kidole kisikosee.

Kuna tatizo jingine la hostingi za bei nafuu: kihariri cha Elementor kinazunguka bila kufunguka, au kosa namba 500 linatokea ukihifadhi. Mara nyingi ni kumbukumbu ya PHP, lugha inayoiendesha WordPress, ndiyo haitoshi. WordPress huanza na MB 40, ilhali Elementor hupendekeza 256. Ongeza kwenye mipangilio ya PHP ndani ya cPanel. Ikikataa kuongezeka, mpango huo wa hostingi haukufai. Kihariri cha bloku hakina ulafi huo, na hata laptopu yako itakishukuru.

Tovuti zako mbili

Saluni ni kurasa tatu au nne: mwanzo, huduma na bei, picha, mawasiliano. Usimjengee mfumo wa kuweka miadi ambao hakuna mtu wa kuukagua. Weka kitufe cha WhatsApp chenye kiungo cha https://wa.me/ kikifuatiwa na namba inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07 kiungo hakifiki, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mwishoni ongeza ?text= na maneno kama "Naomba nafasi ya kusuka", huku kila nafasi kati ya maneno ikiandikwa %20. Mteja akigusa, ujumbe unajiandika. Kwenye bei andika shilingi na muda wa kazi; swali la "itachukua saa ngapi?" huulizwa sawa na la "ni pesa ngapi?"

Duka la vipuri ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo bilda huwapoteza wengi. Mzee ana mamia ya bidhaa. Ukimtengenezea ukurasa wa bilda kwa kila pampu ya breki, utazeeka kabla hujamaliza, na siku bei zikipanda utaanza upya. Weka WooCommerce. Andika bidhaa kwenye jedwali: jina, namba ya kipuri, gari, bei, jina la picha. Lihifadhi kama CSV (faili ya jedwali ya maandishi matupu), kisha uliingize kwa kifaa cha kuingizia kilichomo ndani ya WooCommerce. Kategoria ziwe za gari kwanza, kwa sababu mnunuzi huja na swali la "breki pedi za Probox", si na neno "breki" peke yake. Sura ya bidhaa zote inatoka kwenye templeti moja unayoihariri mara moja. Ingiza bidhaa 10 za majaribio kwanza. Safu ya CSV ikikaa vibaya, ni rahisi kufuta 10 kuliko 400.

Malipo mtandaoni yasubiri. Anza na namba ya Till na kitufe cha WhatsApp kwenye kila bidhaa. Mzee akishazoea kupokea maagizo, unganisha huduma ya malipo ya Pesapal au Paystack kupitia plagini zao za WooCommerce, kwani zote hupokea M-Pesa. Daraja ya Safaricom, yaani kuunganisha tovuti na M-Pesa moja kwa moja bila kampuni ya kati, ni ya baadaye: inataka anwani ya HTTPS ya kupokea majibu, na ikizuiwa na plagini ya usalama, mteja hulipa lakini agizo linabaki likisubiri. Kwa njia yoyote utakayotumia, zitoe kurasa za kikapu, malipo na akaunti kwenye kache (nakala za kurasa zinazowekwa ili zifunguke haraka), ama mnunuzi mmoja ataona kikapu cha mwingine.

Domeni ya .co.ke isajiliwe kwa jina la mteja, kupitia msajili aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia domeni za .ke, na barua pepe ya mteja iwe ndiyo ya kurejeshea akaunti. Hostingi vivyo hivyo. Kwenye mkataba taja nani analipa nini kila mwaka na kwa tarehe gani. Fomu iombe jina, simu na ujumbe tu, pamoja na mstari unaoeleza taarifa hizo ni za nini, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mwenye saluni. Weka nakala rudufu ya kila wiki kwa plagini ya UpdraftPlus, ikihifadhiwa kwenye Google Drive ya mteja na si kwenye seva ile ile. Irejeshe mara moja kwenye ile domeni ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huwezi kuitegemea.

Limebaki lile la CSS kukuchanganya, na kwangu hilo ni kubwa kuliko jina la bilda. Kila bilda ni mkono unaokuandikia CSS. Anayejua masanduku na flexbox huhama kutoka bilda moja hadi nyingine kwa siku mbili. Asiyejua huanza upya kila mara na kulaumu zana. Fanya zoezi moja wiki hii, kwenye kihariri cha maandishi tu. Andika kisanduku kimoja chenye kadi tatu za huduma. Kisanduku kipe display: flex, flex-wrap: wrap na gap: 24px. Kila kadi ipe flex: 1 1 260px. Ukurasa uachie pikseli 16 kila upande, na uipe body margin ya 0 ili hesabu isivurugike.

Sasa punguza dirisha polepole. Kwa upana wa 1,200 utaona kadi tatu kwenye mstari. Kwa 768 zitakuwa mbili, na ya tatu imeshuka, kwa sababu tatu na mianya yake zinahitaji pikseli 828 na wewe una 736. Kwa 360 ni moja moja. Badili 260 iwe 200, uone nini kinahama na kwa nini. Kisha ongeza align-items na justify-content, moja baada ya nyingine. Ukiweza kutabiri matokeo kabla ya kubonyeza hifadhi, fungua Elementor na utazame vidhibiti vya kontena: ni maneno hayo hayo uliyoyaandika kwa mkono. Zoezi hili ni la jioni mbili, na ni vyema ulimalize kabla ya kumtumia mzee wa Kirinyaga Road makadirio ya bei, kwa sababu baada ya hapo ndipo utakapojua kazi yake itakuchukua siku ngapi.